Hesabu ya Chumvi na Unga

Kwa miaka 27 nilikuwa mweka hesabu wa chama cha ushirika cha wakulima huku Nyanda za Juu Kusini, na kazi hiyo imeniachia ugonjwa mmoja ambao sitaki kupona. Nikisikia mtu anasema jambo fulani lina faida, huuliza papo hapo: faida hiyo imeandikwa katika daftari la nani, na gharama zake zimeandikwa katika daftari la nani? Ugonjwa huu umenigombanisha na watu wengi. Siku hizi unanigombanisha na pande zote mbili za ubishi juu ya kuongeza virutubishi katika vyakula.

Upande wa kwanza ni wa watu wa semina. Hawa husimama mbele ya bango na kutangaza kuwa kila dola moja inayotumika kutia madini joto katika chumvi hurudisha dola 30, kisha hupigiwa makofi na kwenda kula. Upande wa pili ni wa vijiweni, ambako nimesikia kwa masikio yangu kwamba unga wenye nembo ya virutubishi umetiwa dawa za kuzuia uzazi, au kwamba ni biashara ya Wazungu ya kutuuzia vumbi. Hawa wa vijiweni sitawapotezea muda mwingi. Wanaogopa chembe ya chuma katika unga, huku vidonge vya dukani visivyo na cheti cha daktari wanavimeza kama karanga.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea. Programu hizi zina faida kubwa kuliko karibu kila kitu kingine ambacho serikali inaweza kununua kwa kiasi kilekile cha fedha. Lakini kwa jinsi tulivyozipanga, hasa kwa upande wa unga, anayelipa siye anayefaidika. Na maadamu hali ni hiyo, mtu wa kijijini, ambaye ndiye mwenye haja kubwa, atakuwa wa mwisho kufikiwa, kama atafikiwa. Alipe serikali.

Nianze na chumvi, maana chumvi naijua kwa macho. Huku milimani mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka katika udongo, na chakula kinachoota katika udongo huo kinayakosa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu kubwa shingoni, na wanawake wengi wa rika lake vilevile. Walilifunika kwa kanga wakienda kanisani. Sisi watoto tulidhani rovu ni sehemu ya uzee wa mwanamke, kama mvi. Jambo lililokuwa baya zaidi halikuonekana shingoni. Mama akikosa madini joto wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haukui inavyopasa, na hasara hiyo haifidiwi baadaye kwa uji wala kwa masomo ya jioni. Darasani kwetu walikuwapo watoto waliochapwa kila wiki kwa kushindwa jedwali la kuzidisha. Leo najua kwamba huenda baadhi yao walichapwa kwa kosa la udongo.

Katika miaka ya 1980, kwa makadirio ya wakati huo, karibu robo ya watoto wa shule wa nchi hii walikuwa na uvimbe wa tezi la shingo. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kutaka chumvi yote ya kula itiwe madini hayo. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta uvimbe umeshuka hadi watoto wapatao 7 katika kila 100, na nyumba zaidi ya 8 kati ya 10 zilikuwa na chumvi iliyotiwa madini joto. Mwaka 2009 wachumi watatu, Field, Robles na Torero, walichapisha utafiti uliofuatilia watoto ambao mama zao walifikiwa na vile vidonge wakiwa waja wazito. Walikuta watoto hao wamesonga mbele shuleni kuliko wenzao kwa muda wa kati ya theluthi na nusu ya mwaka hivi, na wasichana walinufaika zaidi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: nusu mwaka wa shule, bila kujenga darasa wala kuajiri mwalimu.

Nasi hatukuvumbua kitu. Uswisi, nchi nyingine ya milima na marovu, ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan kule Marekani likafuata mwaka 1924. Gharama inayotajwa na wachumi ni kama senti 5 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka 2008 jopo la wachumi waliokusanyika kwa jina la Copenhagen Consensus waliulizwa fedha za kuusaidia ulimwengu zianzie wapi. Nafasi ya kwanza waliwapa watoto vidonge vya vitamini A na zinki. Kutia madini joto katika chumvi na chuma katika vyakula kukashika nafasi ya tatu.

Lakini kwa nini chumvi ilifaulu? Swali hili watu wa semina hulipita upesi. Ilifaulu kwa sababu hakuna mkulima wa mlimani anayejilimia chumvi. Awe tajiri au maskini, atainunua, na chumvi nyingi hutoka mahali pachache panapojulikana: Uvinza, Bagamoyo, Tanga, Lindi, Mtwara. Serikali ilikuwa na milango michache ya kusimamia. Tena mashine za mwanzo zilikuja kwa msaada wa wafadhili, kwa hiyo mzalishaji hakutakiwa kutoa mtaji wake kwa faida ya watoto wa mtu mwingine.

Pale ambapo milango ilikuwa mingi, mambo yalikwenda kombo. Kisiwani Pemba chumvi hutengenezwa na wazalishaji wadogo wadogo kwa jua na maji ya bahari. Watu wa afya walidhani wala samaki hawawezi kukosa madini joto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipokwenda kupima, walikuta rovu kwa watoto wengi, na chumvi iliyotiwa madini joto karibu haimo kabisa majumbani. Wamezungukwa na bahari, na upungufu ni uleule wa milimani kwetu.

Sasa twende kwenye unga, ambako ndiko ugomvi wangu uliko. Kanuni zetu za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viongezwe virutubishi, na programu ikazinduliwa rasmi mwaka 2013. Kenya nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012. Kwa ngano kazi ni nyepesi. Ngano yetu nyingi hutoka nje, hupitia bandarini, na husagwa katika vinu vikubwa vichache. Lakini mla mkate na chapati kila siku ni nani? Ni mtu wa mjini. Mahindi ndiyo chakula cha walio wengi, na mahindi husagwa katika mashine ndogo zisizohesabika, zilizotapakaa toka Tunduma hadi Tarime.

Kuna kichekesho hapa ambacho sharti nikitaje. Punje ya mahindi ina kiini na ganda, na humo ndimo zilimo vitamini na madini mengi. Sisi tunapenda sembe nyeupe pe. Kwa hiyo tunalipa kukoboa, tunaondoa kiini na ganda, pumba tunampa nguruwe, halafu tunaagiza unga wa virutubishi kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni ili turudishe sehemu ya kile alichokula nguruwe. Mgeni akituuliza maana ya biashara hii, sijui tutamjibu nini.

Wako wanaosema: basi, tule dona, na mambo yaishe. Mimi nala dona na nakushauri ule. Lakini mambo hayaishi. Dona haina madini joto wala vitamini B12, na chuma kilichomo ndani yake mwili hukipata kwa shida, kwa sababu ganda lenyewe lina kemikali inayokizuia. Tena dona huchacha upesi, na mfanyabiashara hataki kuiweka dukani. Asidi ya foliki, ambayo nitaieleza sasa hivi, dona peke yake haiifikishi kwa kiasi anachohitaji mwanamke anayetaka kuzaa.

Jambo la asidi ya foliki lina haraka ya pekee. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza za mimba. Mama wengi siku hizo hawajajua hata kama wamechukua mimba. Akifika kliniki mwezi wa nne akapewa vidonge, vitamsaidia kwa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Chakula cha kila siku ndicho kinachoweza kumwahi. Afrika ya Kusini ilitia asidi hiyo katika unga wa mahindi na wa ngano kwa sheria kuanzia Oktoba 2003, na watoto wanaozaliwa na kasoro za namna ya mgongo wazi wakapungua karibu theluthi.

Binti wa jirani yetu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Nitaandika hesabu yake kwa sababu haimo katika kitabu chochote cha uchumi nilichosoma. Nauli ya basi hadi Muhimbili, watu wawili na mtoto, mara tano kwa miaka miwili. Ng'ombe wawili waliuzwa. Genge la mume lilifungwa mara ya tatu, na halikufunguliwa tena. Kaka wa mtoto aliacha shule kwa muhula mzima ili achunge. Mtoto yu hai, ana akili kama wembe, na hatembei. Mama yake bado huamka usiku kumgeuza. Asidi ya foliki ya kumtosha mama huyo kwa mwaka mzima ingegharimu pungufu ya soda moja.

Nimesema hesabu za semina zina kasoro. Nieleze kasoro hiyo. Mwaka 2003 wachumi Horton na Ross walichapisha hesabu ya chuma katika nchi kumi. Kwa upande wa nguvu za kazi peke yake, walipata faida ya dola 6 kwa kila dola 1. Wakiongeza akili za watoto na mishahara watakayoipata wakikua, faida inafika dola 36. Mtangazaji wa semina hukupa 36 na kunyamaza kuhusu 6. Ile 6 ina miguu: katika miaka ya 1970 wagema mpira wa Java Magharibi waliokuwa na upungufu wa damu walipewa chuma, na utomvu waliokusanya ukaongezeka. Hilo lilipimwa kwa mizani. Ile 36 inategemea kwamba mtoto mwenye damu ya kutosha atapata mwalimu, kisha kazi, kisha mshahara. Mimi nimeona vijana wenye damu ya kutosha na vyeti, wameketi kijiweni. Hata hivyo 6 yanitosha. Katika ushirika wetu sijapata kuona mradi uliorudisha 6.

Lakini 6 hiyo haiingii katika mfuko wa mwenye mashine ya kusaga. Nilikwenda kuzungumza na mmoja hapa kwetu, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Virutubishi mnatia humu?"

"Mzee wangu, mimi siuzi unga. Mama analeta debe lake, namsagia, anaondoka na unga wake. Nikimwambia aongeze shilingi mia ya vitamini, atakwenda kwa mwenzangu pale bondeni asiyemdai. Na mimi nina mkopo wa mashine."

Nilitafuta kosa katika maneno yake nikalikosa. Unga uliotiwa virutubishi na usiotiwa haupambanuki kwa jicho wala kwa ulimi. Mama hawezi kujua alicholipia. Faida yake haionekani kesho. Itaonekana kwa mtoto, miaka mingi baadaye, na sehemu yake kubwa itakwenda kwa hospitali ambayo haikumlaza na kwa taifa litakalomtoza kodi. Gharama ni ya leo, na ni ya kijana huyu. Ukimlazimisha yeye na mwenzake wa bondeni asilazimishwe, umemwadhibu mtii. Hali ni hiyohiyo kwa msagishaji wa mjini anayefunga unga katika mifuko: mwaminifu anatia virutubishi, mwizi anachapa nembo tu, na mwizi anauza kwa bei ya chini. Mkaguzi yuko wapi? Mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango, na sina shaka wapo watu hodari huko, lakini mashine za wilaya moja peke yake zamtosha mkaguzi mwaka mzima.

Shirika la Sanku limebuni njia ya werevu kwa wasagishaji wadogo. Wanafungiwa mashine inayopima unga unaopita na kutia virutubishi kwa kadiri yake, na gharama ya virutubishi hufidiwa kwa kuwauzia mifuko iliyonunuliwa kwa wingi. Naisifu kwa moyo mmoja. Lakini itazame vizuri: inamfaa anayefunga unga katika mifuko. Yule wa debe hana mifuko ya kununua, kwa hiyo hakuna pa kufidia. Na wa debe ndio wengi vijijini.

Pana hoja moja ya kupinga ninayoiheshimu. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba, ambako watoto wadogo walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki. Hatari yao ya kufa au kulazwa hospitali ilizidi ya wenzao kwa asilimia 12, na chanzo kilihusishwa na malaria iliyokuwa kali huko. Jambo hili si la kufichwa. Lakini wale walipewa dozi ya dawa kwa mkupuo, siyo chembe zilizosambaa katika sufuria ya ugali wa siku nzima. Mimi nachukua funzo moja: mahali penye malaria, unga na chandarua viende pamoja, na anayesimamia awe mmoja anayeona vyote viwili. Hiyo nayo ni kazi ya serikali, siyo ya msaga nafaka.

Sasa hesabu yenyewe. Wachumi hutaja senti 5 kwa chumvi na senti 12 kwa unga, kwa mtu mmoja kwa mwaka. Jumla ni senti 17. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Zidisha: ni dola milioni 10.5 hivi. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi bilioni 26, au shilingi 425 kwa kila mtu. Kwa unga wa mahindi gharama hupanda, kwa kuwa aina ya chuma inayofaa mle ni ghali zaidi. Haya, ongeza na mashine za kuchanganyia, mafundi wa kuzirekebisha, wakaguzi na pikipiki zao. Zidisha mara tatu. Tumefika bilioni 79, shilingi 1,275 kwa mtu. Dhidi ya hizo weka hili: mwaka 2022 uchunguzi wa taifa ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 42 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwa watoto 59 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano.

Chanjo ya surua hatumwuzii mama. Hatumwambii nesi aifidie kwa kuuza mifuko. Tulikubali zamani kwamba jambo ambalo faida yake ni ya wote hulipwa na mfuko wa wote. Unga wa virutubishi ni wa namna hiyo. Ununuliwe na serikali kwa wingi, upelekwe wilayani kama chanjo zinavyopelekwa, na mwenye mashine ya debe alipwe kitu kidogo kwa kila gunia alilochanganya, kwa kupimwa. Kwa wenye mifuko na nembo, sampuli zichukuliwe dukani, na majina ya waliodanganya yatangazwe redioni. Kwa mkulima wa mbali kabisa, anayetwanga kwa kinu chake mwenyewe, hakuna mashine itakayomfikia. Huyo apewe mbegu ya viazi lishe na ya maharage yenye chuma, na bwana shamba atakayemtembelea.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimekwisha kupewa. Katika mkutano wa hadhara nilimwuliza kiongozi wetu mmoja kwa nini katika makadirio ya fedha ya halmashauri sioni hata mstari mmoja wa virutubishi. Akasema wafadhili wapo. Nikamwuliza, na wakiondoka? Akacheka kidogo, akamnyoshea kidole mwuliza swali aliyefuata, ambaye alitaka kujua habari za uwanja wa mpira.